Zambarau Juu ya Paa la Mzee Luo

Hakuna aliyeupanda. Ulijiotea wenyewe mwezi wa nane, ndani ya boksi jeupe la povu lililowahi kubeba samaki wa barafu, juu ya paa la zege la jengo la ghorofa nane nyuma ya mtaa wa Sanyuanli, mjini Guangzhou, China. Dainess Sanga alikuwa amepanda kuanika nguo. Aliona shina jembamba kama njiti ya kiberiti na majani manne yenye meno pembeni, akasema, "Na wewe umetoka wapi?" Akaumwagia maji yaliyobaki kwenye beseni, akashuka zake.

Dainess alikuwa Mkinga wa Makete, na Wakinga biashara wamezaliwa nayo. Huo ulikuwa mwaka wake wa kumi Guangzhou. Alinunua nguo za jumla kwenye soko la Zhanxi karibu na stesheni ya treni, akazifunga mizigo, wakala akazipakia kontena bandari ya Nansha, na mwanawe mkubwa akazipokea Mbeya na kuzigawa kwa wateja wa Mwanjelwa. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya sita. Mwenye nyumba, Mzee Luo, aliishi ghorofa ya nane na mkewe, na juu ya vichwa vyao lilikuwa paa, na juu ya paa kulikuwa na kamba za nguo, mabirika mabovu, maboksi ya povu yenye vitunguu, na vizimba vitatu vya ndege. Mzee Luo alipenda ndege kama watu wengine wanavyopenda mpira. Kila asubuhi aliwamwagia mchanganyiko wa mbegu kutoka kwenye kopo la bati, nao ndege walikula nusu na nusu wakazirusha nje.

Mkewe wapangaji wote walimwita Apo, ndivyo wenyeji wanavyomwita bibi. Kati ya Dainess na Apo kulikuwa na jambo.

Mwaka ule wa ugonjwa, Waafrika wengi wa mjini walijikuta na mabegi yao kando ya barabara kwa sababu wenye nyumba waliogopa. Mzee Luo naye aliogopa. Alishuka mpaka ghorofa ya sita, akasimama mlangoni kwa Dainess akitafuta maneno ya kuanzia. Kabla hajayapata, Apo alishuka nyuma yake na ndara zake, akamshika mumewe mkono wa shati, akasema kwa sauti iliyosikika ngazi nzima, "Huyu haendi popote." Hakwenda popote. Wiki mbili alizofungiwa ndani, kila siku saa sita mchana alikuta bakuli la uji wa wali mbele ya mlango, limefunikwa sahani, na yai moja juu yake. Katika siku hizohizo mama yake Dainess alifariki Makete. Safari za ndege hazikuwapo. Alimzika mama yake kwa simu, ameiegemeza kwenye chupa ya maji, picha inakatika na kurudi, na wimbo wa kanisani unafika vipande vipande. Kesho yake bakuli lilikuwa na mayai mawili. Hakumwambia mtu, lakini kuta za jengo lile ni nyembamba na kilio hakina lugha.

Basi Apo alipoanza kupotea, Dainess aliona ni zamu yake. Bibi yule hakupotea njia. Alipotea mwenyewe, kidogo kidogo. Kwanza yalimtoka majina ya majirani. Kisha akasahau jiko likiwaka. Kisha maneno nayo yakapungua, mpaka mwaka huo akawa anakaa kwenye kiti cha mianzi juu ya paa kuanzia asubuhi, anatazama ukuta wa jengo la pili kana kwamba anangoja ufunguke. Siku ambazo hakuwa na mzigo wa kufunga, Dainess alipanda saa nne kukaa naye ili Mzee Luo aende sokoni. Alimchana nywele. Alimpaka mafuta mikononi. Alimweleza habari za Makete kwa Kiswahili, kwa sababu Kichina chake kilikuwa cha sokoni, cha kupatana bei na kumwita kila mtu laoban, yaani bosi, na hakikutosha kwa mambo ya moyoni. Apo hakujibu, ila mkono hakuuondoa.

Mmea ulikua. Mwezi wa kumi ulikuwa umefika kiunoni kwa Dainess, majani yake yamechanua kama vidole vya mkono, vitano vitano, saba saba. Mzee Luo alidhani ni ua. Dainess, ambaye kwao Makete baridi hairuhusu muhogo na alikijua kisamvu kwa kukiona sokoni tu, aliamini ni jamii ya muhogo wa Kichina.

Asubuhi moja alikuwa akikung'uta shuka aliposikia kiti cha mianzi kinalia. Aligeuka. Apo alikuwa amejiinua nusu, ameunyoosha mkono, ameshika jani. Alilisugua kati ya vidole viwili, akavipeleka vidole puani, akavuta pumzi. Akatabasamu. Si lile tabasamu la kuzubaa alilokuwa nalo siku hizi. Alitabasamu kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani stesheni. Akasema neno moja, fupi.

"Unasemaje, Apo?" Dainess alipiga magoti mbele yake.

Apo akalirudia. Halikuwa neno la Kichina cha sokoni wala la Kikantoni ambacho wenyeji walizungumza ngazini. Mzee Luo aliporudi na samaki wake kwenye mfuko, Dainess alijitahidi kulitamka. Mzee akatikisa kichwa. "Anaropoka tu," akasema, na uso wake ukashuka, kwa sababu alikuwa ametumaini ni jina lake.

Lakini tangu siku hiyo Apo alitaka kiti chake kiwekwe kando ya mmea. Na mwezi wa kumi na moja, joto la Guangzhou lilipolegea, mmea ulianza kufanya jambo la ajabu. Shina lake lilipata mistari ya zambarau. Mistari ikapanda kwenye vikonyo, ikaingia kwenye mishipa ya majani ya chini, kama wino unavyopanda kwenye kitambaa. Apo aliyachagua majani hayohayo. Ya kijani aliyapita, ya zambarau aliyashika, na kila alipoyashika alitoa kitu: leo neno, kesho kipande cha wimbo, keshokutwa akapiga mapaja yake kwa viganja kama anayetwanga.

Dainess akawaza: kama majani matatu ya zambarau yamemrudisha hivi, je, mmea mzima?

Alikuwa na mdogo wake Njombe, Rodrick, bwana shamba wa serikali, mtu wa viazi na parachichi. Alimpigia.

"Hebu nieleze, dada. Majani yakoje?"

"Kama vidole. Mimi naona ni jamii ya muhogo."

Rodrick akacheka. "Wewe muhogo umeujulia wapi? Huo utakuwa mnyonyo. Upo mnyonyo wa zambarau, watu wanaupanda kwa urembo."

"Haya, mnyonyo. Nataka uwe zambarau wote. Nifanyeje?"

"Rangi hiyo haipakwi, dada. Imo kwenye mbegu au haimo. Kama haimo, hata ukiumwagia barafu hutaiona. Lakini kwa unavyonieleza imo, sasa kazi yako ni kuiita itoke. Jambo la kwanza, mnaupa mbolea?"

"Mzee anaupa kinyesi cha ndege. Kila wiki."

"Aache. Hiyo inaukuza na kuushikiza ukijani. Ukifika mwisho wa msimu, mmea uache uone njaa kidogo. Maji nayo punguza, udongo ukauke juu ndipo umwagie. Mchana upate jua lote, usiukinge. Halafu baridi. Baridi ya usiku ndiyo yenyewe. Huoni majani ya mahindi kule kwetu Makete yanavyogeuka rangi baridi ikiyakuta machanga? Mchana jua, usiku baridi, basi kijani kinarudi nyuma na zambarau inajitokeza."

Dainess aliyashika hayo kama alivyoshika bei za Zhanxi. Alilisogeza boksi kutoka kwenye kivuli cha tangi la maji mpaka penye jua. Alificha ndoo ya kinyesi cha ndege. Kazi ilikuwa kwa Mzee Luo. Mzee alikuwa ameona jinsi mkewe anavyoupenda mmea, naye kwa mapenzi yake kila jioni aliufunika kwa nailoni usipigwe na baridi.

"Buxing!" Dainess alimwambia asubuhi moja akiivua ile nailoni. Haiwezekani. "Mzee Luo, usiufunike."

"Utakufa."

"Haufi. Baridi inaleta rangi."

"Nani kakwambia?"

"Mdogo wangu. Amesomea."

Mzee akaitazama nailoni mikononi mwake, akautazama mmea, akamtazama mkewe ambaye alikuwa anazungusha jani la zambarau kwenye mwanga. "Miaka hamsini namfunika yeye asipate baridi," akasema. "Sasa unaniambia niache." Lakini aliikunja nailoni, akaikalia ili asishawishike.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili upepo wa kaskazini ulishuka. Wapangaji walitoa makoti. Siku tatu mfululizo kulikucha baridi ya kuumiza masikio, na mchana jua likatoka safi, bila ukungu. Siku ya nne Dainess alipopanda, alisimama kwenye mlango wa paa akashika fremu.

Mmea wote ulikuwa umegeuka. Majani ya juu yalikuwa ya zambarau iliyokoza, karibu nyeusi, kama zambarau zenyewe zilizoiva zikaanguka chini ya mti. Ya kati yalikuwa na wekundu wa divai. Na kwenye ncha, pale palipojaa vishada vya maua, kulikuwa na rangi nyepesi ya kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Jua lilipita ndani yake. Apo alikuwa amekaa mbele yake, mikono yote miwili imezama kwenye majani, anaimba. Wimbo mzima, na mwanzo wake na mwisho wake. Mzee Luo alikuwa amesimama nyuma ya vizimba, hataki kusogea, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni na wala hayafuti.

Dainess alipiga picha, akamtumia Rodrick. Akaandika: *Ona kazi ya mikono yetu.*

Guangzhou ilikuwa saa sita mchana. Njombe ndiyo kwanza saa moja asubuhi. Simu ililia kabla hajafika ghorofa ya sita.

"Dada, uko peke yako?"

"Niko ngazini. Umeuona?"

"Nimeuona. Sikiliza vizuri. Huo si mnyonyo."

"Basi ni nini?"

"Hiyo ni bangi."

Dainess akacheka. "Acha utani wewe. Bangi ni ya kijani."

"Bangi ni bangi, hata ikivaa suti! Misimu mitatu nimekwenda na mgambo kufyeka mashamba ya kitu hicho. Jamani dada! Na mimi mwenyewe, mtumishi wa serikali, nimekaa kwenye simu nakufundisha kuistawisha! Futa hiyo picha. Kisha panda, ung'oe, mizizi na yote, upotee."

Dainess alikaa kwenye ngazi. Alilikumbuka jani lile, na alijua alikoliona: kwenye fulana. Dazeni kwa dazeni alizipeleka Mwanjelwa, zimechapwa jani kubwa kifuani, na kwenye daftari lake aliziandika *fulana za kisamvu*. Hakuna mteja aliyemsahihisha.

Kisha mzaha ukamtoka. Mfanyabiashara yeyote aliyekanyaga mji ule anajua kwamba kwa mzigo uliozuiwa bandarini utalia, utapigapiga simu, utalala njaa, na utapona. Kwa dawa za kulevya huponi. Alimwona mwanawe akipokea habari hizo. Aliuona mlango wa chumba chake umebandikwa karatasi.

Akapanda tena. Aliuvuka mlango wa paa na nia ya kwenda moja kwa moja kwenye boksi, ashike shina, avute. Apo alikuwa bado anaimba. Alipomwona Dainess alinyamaza, akapapasa kiti kidogo kilichokuwa pembeni yake: njoo ukae. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze amwite mtu. Dainess akakaa. Apo alivunja jani moja la zambarau, akamwekea kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja kama anayempa mtoto peremende.

Dainess hakuweza kung'oa kitu.

Alimfuata Mzee Luo ndani. Kwa Kichina chake kile cha kubabaisha, na simu ikimsaidia kutafsiri, alimwambia. Mzee alilisoma neno kwenye kioo cha simu, akavaa miwani, akalisoma tena. Alikwenda kulitazama kopo la bati la chakula cha ndege, akamimina kidogo kiganjani, akapekua kwa kidole. Miongoni mwa mtama na ulezi kulikuwa na mbegu za mviringo, za kijivu, zenye madoa kama mayai ya kware.

"Ndege wangu," akasema. "Ndege wangu ndio walioupanda."

"Niung'oe? Nikaufiche?"

Mzee alisogeza pazia. Akanyoosha kidole dirishani. Jengo la pili lilikuwa na madirisha arobaini yanayotazama paa lao. "Wangapi wameuona ukiwa na rangi ile? Ukiung'oa kimya kimya, kisha mmoja akasema, nani ataulizwa kwanza? Mimi mzee wa hapahapa? Au wewe?" Alivua miwani. "Nitawaita polisi mimi mwenyewe. Tukisema wenyewe kabla hatujaulizwa, tutakuwa watu waliokosea tu. Wewe nenda Zhanxi. Kaa huko mpaka jioni. Hujawahi kuugusa mmea huu. Umesikia? Hujawahi."

Dainess alishuka. Alifika ghorofa ya tano, ya nne, ya tatu. Kwenye ghorofa ya pili alisimama. Alifikiria bakuli lile lenye mayai mawili. Alifikiria pia pasipoti yake, asijidanganye mtu, aliifikiria sana. Halafu akageuka, akaanza kupanda, na ghorofa sita zile zilikuwa ndefu kuliko kilima cha kwao kwenda kanisani.

Askari alifika baada ya nusu saa: mwanamke wa miaka thelathini hivi, amechoka, kofia mkononi kwa sababu ya ngazi. Alisimama mbele ya mmea, akapiga mluzi mdogo.

"Nani ameupanda?"

"Mimi," alisema Mzee Luo. "Mpangaji hajui lolote, amekuja kuanika nguo."

"Mimi nilimwagilia," alisema Dainess. "Mimi nilisema usifunikwe."

Mzee alimgeukia kwa hasira. "Si nilikwambia uende sokoni!"

"Ni mimi niliyetaka uwe zambarau. Kwa ajili ya Apo. Tulidhani ni ua."

"Kimya! Mpangaji huyu Kichina hakijui, hajui anachosema."

Askari aliwatazama wawili hao kwa zamu, mmoja mwenye miaka sabini na tisa, mwingine na kapu la nguo mbichi kiunoni alilolipitia chumbani kwake, kila mmoja akililia kosa liwe lake. "Kazi yangu huwa ni kuwabana watu wakubali kosa," akasema. "Nyie mnagombania." Aliomba kopo la mbegu, akapekua, akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba wao si wa kwanza. Wafuga ndege mbegu huwaponyoka. Alipiga picha mmea, paa, vizimba, pasipoti ya Dainess na kitambulisho cha Mzee. Alipiga simu mbili ndefu, na muda wote huo Dainess alikuwa akimwomba Mungu kwa Kikinga, lugha aliyofundishiwa kuomba. Mwishoni askari alisema mmea mmoja, umetolewa taarifa na wenyewe, haujavunwa: ataung'oa, atauchukua pamoja na mbegu, wao watie sahihi. Na isijirudie.

Akauvuta. Ulitoka kwa urahisi, na udongo wote umeshikana na mizizi kwa umbo la boksi.

Hapo ndipo Apo alipoinuka. Alitembea hatua nne bila kushikwa, akamkamata askari mkono wa koti, akasema lile neno lake. Akalisema tena kwa kusihi, akaonyesha mdomo wake, akapiga viganja mapajani. Askari hakuelewa. Alimwomba radhi kwa upole, akaukunja mmea ndani ya mfuko mweusi, akashuka. Apo alibaki amesimama, mkono hewani. Dainess alimkumbatia, akausikia mwili wote ule mdogo unatikisika kwa kilio kisicho na sauti.

Mzee Luo alikuwa amekaa juu ya tofali.

"Neno hilo," akasema taratibu. "Nimelisikia. Si sasa. Zamani."

Akaeleza kwa vipande vipande, na Dainess akaviunga. Apo hakuwa mtu wa Guangzhou. Alitoka milimani, mkoa wa Guangxi, kwa watu wenye lugha yao. Walikutana kiwandani, wote vijana, na kabla ya kuoana Mzee alisafiri kwenda kujitambulisha kwa wazazi wake: siku mbili kwenye gari, nusu siku kwa miguu. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka, baridi kali. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la mimea mirefu kuliko mtu, na majani yake yalikuwa yamegeuka rangi. Mama mkwe alikuwa anavunja mashina apate nyuzi za kufumia nguo. Mbegu alizitwanga, akazichuja, akapika mchuzi mweupe kama maziwa, akaweka mboga za majani. Alimkaribisha mkwe kwa bakuli la mchuzi huo na kwa neno hilo.

"Mimi nilikuwa mtu wa mjini," alisema Mzee Luo. "Miguu ilikuwa inaniuma, nilitaka kurudi. Sikuuliza ule ni mmea gani. Tulivyofika huku, alinipikia mchuzi ule mara moja. Nilimwambia una harufu ya shamba. Hakuupika tena." Aliukuna udongo uliomwagika kwa kiatu. "Na kile kilugha chao nilimwambia akiache, watu wasimcheke. Akakiacha. Nilidhani amekisahau."

Dainess akamshika bega. Wakakaa hivyo watatu mpaka nguo zikakauka kwenye kamba.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya. Apo alirudia ukuta wake. Kiti kiwekwe wapi, kwake ilikuwa mamoja. Dainess alimpigia Rodrick, naye baada ya kumshukuru Mungu kwa sauti ndefu, akamuuliza kama kuna mboga yoyote huko inayopata zambarau kwa baridi. "Maana sasa utaalamu unao," akasema. "Usiupoteze bure."

Ipo. Wachina wana mboga ya majira ya baridi, jamii ya haradali, yenye mashina ya zambarau na vimaua vya njano. Mzee Luo alinunua miche ishirini soko la maua. Wakaipanda kwenye maboksi yote, wakang'oa mpaka vitunguu kuipisha. Safari hii Mzee hakuhitaji kuambiwa: mbolea aliikata mapema, maji aliyapima kwa kikombe, nailoni aliigawa kwa jirani. Kila kulipokucha baridi alipiga hodi ghorofa ya sita, na Dainess akifungua alimkuta anasugua mikono kwa furaha. "Leo ni nyuzi joto saba tu! Njoo uone!" Mwezi wa kwanza ulipokaribia kwisha, maboksi yalikuwa na mashina yaliyokoza rangi mpaka yanang'aa.

Mbegu za ule mchuzi wa mama mkwe Mzee alizipata kwenye duka la dawa za mitishamba, zile zilizokobolewa, zisizoweza kuota, zinazouzwa waziwazi kwa kupikia. Hata hivyo alimwomba muuzaji amwandikie risiti, akaibandika jikoni.

Jumamosi moja saa sita mchana walipika. Mzee Luo alizitwanga mbegu, Dainess akachuja kwa kitambaa kipya, kama anavyochuja tui. Mchuzi ulitoka mweupe. Mashina ya zambarau walimpa Apo ayamenye, bila kutegemea sana. Alilishika la kwanza akalizungusha. Akalivunja. Kisha kidole gumba chake kikaingia chini ya ganda, kikalivuta kwa mkupuo mmoja, na akachukua la pili, na la tatu, kwa kasi ambayo Dainess hakuweza kuifikia. Vidole vyao wote wawili vilipata rangi.

Mzee alimkabidhi bakuli kwa mikono miwili. Alivuta pumzi, akalisema lile neno, vibaya, kwa lafudhi ya mjini. Apo alimtazama mumewe. Akanywa. Akaonja tena, akakunja uso, akasema kwa Kikantoni, wazi kabisa:

"Chumvi umeiweka wapi, kichwani mwako?"

Mzee Luo aliruka kama kijana. Aligonga meza, akaangusha kijiko, akakimbilia kabati, akafungua mlango huu na ule, hauoni mfuko wa chumvi ulioko mbele ya macho yake kwa sababu ya machozi, huku Apo akimfokea nyuma kwamba siku zote yuko hivyohivyo, mwanaume wa kutafutiwa kila kitu.

Simu ya Dainess ilitetemeka. Alikuwa Rodrick, anataka kujua mambo yamekwendaje.

"Nitakupigia baadaye," alimwambia, akisogeza bakuli lake karibu. "Sasa hivi tunakula."